Miguu ya Kukhu Haikimbizwi

Juzi mteja mmoja aliniandikia kwa simu, ati nimpangie safari yake ya kwanza nje ya nchi. Alitaka Arusha, Zanzibar, Kigali na Kampala, siku sita, na Jumatatu asubuhi awe kwa dawati lake kazini. Nikamwambia hiyo sio safari, hiyo ni kukimbizwa na polisi. Nikampangia miji miwili, Kigali na Kampala, na katikati nikaweka siku nzima ya kutofanya kitu. Akauliza, "Kwani wewe hii kazi umesomea wapi?"

Nilikasirika hadi nikaweka simu ndani ya sufuria nikaifunika, ndio nisimjibu vile nilikuwa nataka kumjibu. Halafu nikaangalia ukuta. Hapo nimetundika kifuniko cha katoni ya maua, kona moja imeliwa na panya, maandishi ya biro yamekuwa rangi ya chai. Ukikaribia sana bado unaskia harufu kidogo, ile ya majani yamekatwa asubuhi yakachanganywa na dawa. Ama pengine ni pua yangu inanidanganya, sijali. Nimesomea hapo. Nimesomea kwa miguu ya Kukhu wangu, na mwenye hataki aende atafute mwenye ana cheti.

Kukhu ndio nyanya kwetu Wabukusu. Nilimpata Karagita, Naivasha, kwa chumba chetu cha mabati, akilala nyuma ya pazia na mimi na mathe, mama yangu, mbele ya pazia. Baba sikuwa naye na sikuwa namtafuta. Mathe alikuwa grader kwa shamba moja la maua pale kando ya ziwa, anapanga maua kwa urefu wa mkono na ukubwa wa kichwa, na alikuwa anarudi vidole vimechomwa kama mtu amepigana na paka. Katoni zenye zimeharibika walikuwa wanaruhusiwa kubeba. Tulizipigilia ukutani kwa ndani, upepo wa ziwa usitumalize, kwa hivyo nyumba yetu yote ilikuwa imeandikwa majina ya miji ya majuu, Ulaya huko. Mimi nilijua kusoma kabla ya shule, nikiwa nimelala chali, nikisoma ukuta.

Siku moja kukapigwa simu kutoka nyumbani. Namalwa, mdogo wa Kukhu, mwenye aliolewa ng'ambo ya mpaka huko Uganda, alikuwa mgonjwa na alikuwa anamtaja Kukhu kila asubuhi. Hao wawili walikuwa hawajaonana tangu kabla hata mimi sijazaliwa. Zamani Namalwa ndio alikuwa anavuka kuja, halafu magoti yakakataa, yake na ya Kukhu. Kukhu mwenyewe alikuwa hajawahi kanyaga nje ya Kenya hata hatua moja.

"Nitaenda," Kukhu akasema. Hakuuliza mtu.

Ankol Wafula, ndugu mdogo wa mathe, alikuwa anapiga dawa kwa shamba hilo hilo na aliishi ploti ya pili. Alikuja jioni hiyo na buti zake. "Sawa. Nimeomba likizo. Asubuhi tunapanda gari, jioni tuko kwa Namalwa. Siku moja, imeisha."

Kukhu aliangalia miguu yake, na mimi nilijua kwa nini. Mwaka mwingine huko nyuma walimpeleka mazishi ya kaka yake, huko nyumbani Chwele, hivyo hivyo, siku moja, moja kwa moja. Miguu ilifura ikawa kama mikate miwili. Viatu vilikatwa na kisu. Wanaume wanne walimtoa kwa gari kama wanashusha kochi, wakamlaza, na kaka yake akazikwa Kukhu akiskia nyimbo kupitia ukuta. Hakuwahi kusamehe hilo jambo. Usiulize alikuwa amekasirikia nani. Nafikiri alikuwa amekasirikia miguu.

Nilikuwa nampaka mafuta ya mgongo na magoti akaniambia, polepole, Ankol akiwa ameshaenda: "Mimi sitabebwa mbele ya Namalwa. Nikifika kwake nitatembea."

Basi hiyo ndio ilikuwa kazi. Afike mapema, na afike akitembea. Na hakuna mtu mzima kwa hiyo familia alikuwa anaona hivyo vitu viwili vinagongana, isipokuwa mimi, mtoto wa darasa la tano mwenye mdomo.

Nikamuuliza mathe, "Hizo maua zinafikaje majuu kama bado ni mzuri?"

Alikuwa amechoka, anakula akiwa amefunga macho. "Hazikimbizwi. Ukishakata unaziweka kwa maji hapo hapo. Halafu zinaingia kwa chumba cha baridi, zinapumzika masaa. Ndio zinapakiwa. Zikifika airport, baridi tena. Zikifika huko, zinakatwa miguu kidogo, zinawekwa maji tena."

"Na kama mtu ana haraka?"

"Akizipakia na joto lake zitafika zimeinama shingo. Mnunuzi anatupa."

Nilisimama kwa kitanda. Nilibandua kifuniko cha katoni kutoka ukutani, upepo ukaingia, mathe akapiga kelele, mimi nikaanza kuandika. Siku ya kwanza: Naivasha mpaka Nakuru. Maji. Miguu juu. Kulala kwa Auntie Nekesa, Section 58. Siku ya pili: Eldoret, kushuka, kunywa chai, miguu kwa ndoo, halafu Chwele, kulala kwa nyumba ya Kukhu mwenyewe. Siku ya tatu: Lwakhakha, kuvuka mpaka asubuhi wakati hakuna jua kali. Uganda: kupumzika dakika thelathini. Halafu kwa Namalwa, na hapo niliandika herufi kubwa: ATATEMBEA.

Ndoo niliichora kila mahali. Kila stop ilikuwa na ndoo.

Ankol alisoma akiwa amesimama. "Hii ni nini? Ratiba ya rais?"

"Ya Kukhu."

"Siku tatu kwa safari ya siku moja? Kwani mama ni yai?"

"Ni ua."

"Ua la miaka themanini!" Alicheka hadi buti zikalia. Halafu kidole chake kikafika pale nimeandika Section 58, akasoma tena, akacheka kicheko kingine, kile cha kutumia pua peke yake. "Haya. Sawa. Tufuate hii plani yako tuone itafika wapi."

Nilidhani nimeshinda. Nilizunguka ploti nikiwa nimeinua shingo. Nilimsomea Kukhu yote, maana yeye kusoma hakuwa anasoma, na nilipofika pa kulala kwa Auntie aliacha kusugua goti. "Kwa Nekesa?" akauliza.

"Eeh. Ako na kitanda kubwa."

"Mmh," akasema. "Nekesa atajua."

Mathe hakuisoma. Huko majuu ilikuwa inakaribia Siku ya Mama, na pakihausi, pale maua yanafungwa, walikuwa wanafanya kazi hadi wanasahau njia ya nyumbani. Alikuwa anafungia mama za watu wengine maua, kwa hivyo hakuweza kumsindikiza wa kwake. Hiyo pia nilikasirikia, na bado.

Tulifika Nakuru saa sita mchana. Auntie Nekesa, dada mkubwa wa mathe, alikuwa kwa geti amevaa kitambaa kipya. Mume wake, Baba Trevor, mtu mkubwa wa kutengeneza trela, mikono myeusi hadi kwa kiwiko, alikuwa anatoka mlangoni wakati Kukhu alikuwa anaingia getini. Nakuambia huyo mtu aligeuka kama amekumbuka ameacha jiko likiwaka. Alienda nyuma ya nyumba bila kusema sasa, bila karibu, bila kitu. Na Kukhu, badala ya kuuliza huyu ana shida gani, akajifunika uso na shuka yake, akakaa kwa kiti kidogo hapo nje kando ya ukuta, mgongo kwa mlango.

"Kukhu, ingia ndani uinue miguu."

"Niko sawa hapa."

"Ratiba imesema ndani."

"Niko sawa, mama."

Auntie akamletea chai huko nje. Nje! Kama mtu amekuja kuuza vitunguu. Nilimwangalia Auntie, akaangalia chini. Nilianza kuelewa, ama nilidhani naelewa. Huyu mwanaume hampendi Kukhu wangu. Amemnyima nyumba.

Ankol Wafula aliangalia saa yake, ametulia sana. "Basi umeona, injinia. Hapa mama hawezi lala. Gari za Eldoret ziko. Tukitoka saa hii, usiku tuko mpakani."

Niliangalia miguu ya Kukhu. Ilikuwa imeanza. Ile mistari ya soksi ilikuwa imezama kwa ngozi. Ukiiongeza njia hiyo yote kabla ya kulala, viatu vinakatwa tena.

Sikufikiria. Nilikimbia nyuma ya nyumba. Baba Trevor alikuwa ameinama kwa mfereji.

"Wewe ni mtu wa aina gani? Kukhu amekukosea nini? Ametoka Naivasha na miguu inauma, na wewe unajificha kama kuku ameiba mahindi! Hata salamu! Hata kiti cha ndani! Nyumba yenyewe iko na rangi ya kijani mbaya! Mimi nikikua sitawahi kuja hapa, na mtoto wangu hatakuja, na mbwa wangu hatakuja!"

Hakugeuka. "Maliza," akasema.

Nilikuwa na zingine. Nilimaliza zote. Nilimwambia hata kuhusu tumbo lake.

"Umemaliza?"

"Eeh."

"Sasa kuja ushike upande huu."

Ndio nikaona alikuwa anajaza ndoo. Ndoo mpya, ya bluu, bado ina stika. Na kwa kamba ya nguo kulikuwa na godoro limeanikwa juani, na juu ya godoro blanketi, na juu ya blanketi mto.

"Mama mkwe halali kwa nyumba ya mkwe wake," akaniambia tukibeba, yeye mbele, mimi nyuma, maji yakinimwagikia kwa viatu. "Hakalii kiti changu. Hatuli meza moja. Simpei mkono. Sio chuki, mama. Ni heshima. Siku ile nilimwoa Nekesa ndio siku ya mwisho nilimwangalia mama yake usoni."

"Hakuna mtu aliniambia."

"Kwenu hakuna mkwe. Ungejulia wapi?"

Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anataja kwamba kwenu hakuna stima. Sijui kama anajua vile hiyo sentensi niliibeba miaka mingi.

Siku Auntie alimwambia tunakuja, yeye alienda kwa jirani, Mama Chebet, mjane mwenye anaishi mlango wa tatu, akaomba chumba, akakifagia mwenyewe. Tuliweka godoro. Tuliweka ndoo mlangoni, na alikuwa ameweka na kijiko cha chumvi, maana Auntie alimwambia kuna mtoto anataka ndoo kila mahali. Halafu huyo jitu la watu akasimama hapo nje akakohoa, kikohozi kikubwa cha makusudi, akapita nyuma ya nyumba haraka haraka kama mtu amevunja dirisha. Na Kukhu kuskia hicho kikohozi akasimama, akapita upande wa mbele. Wakazunguka ile nyumba kila mtu na upande wake, bila kuonana hata kivuli. Na nilikuwa nimeita hiyo chuki.

Kukhu akaketi kwa godoro, akaweka miguu kwa maji, akatoa sauti kama gari limezimwa.

Nilienda kwa Ankol. "Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ulitaka plani yangu ianguke hapa."

"Nilitaka tumpate Namalwa akipumua," akasema, na hakuwa anacheka. "Unadhani mimi sipendi mama? Simu ilipopigwa mimi ndio nilishika. Wewe hukuskia hiyo sauti."

 Kukhu akaita kutoka ndani, "Nyamazeni nyinyi wawili. Maji inapoza miguu vizuri."

"Kukhu, na wewe ulijua! Kwa nini hukuniambia nikikusomea?"

"Ungefuta Nakuru," akasema. "Na mimi nilitaka kumwona Nekesa."

Ankol akashika kichwa. "Na mimi nalala wapi?" akauliza.

Sauti ya Baba Trevor ikatoka nyuma ya nyumba. "Wewe ni shemeji tu. Hata kwa mbwa lala."

Asubuhi miguu ya Kukhu ilikuwa na mifupa tena. Niliibonyeza na kidole, ikarudi. Eldoret tulishuka, mhudumu wa hoteli akauliza ndoo ni ya nini, nikamwambia ni ya mgeni, akaleta karai. Chwele Kukhu alilala kwa nyumba yake, kwa kitanda chake, na aliamka kabla ya kuku akaoga akajipaka mafuta hadi akang'aa.

Lwakhakha mimi nilitarajia vitu. Nilidhani nchi ingine inaanza kama sakafu ingine, unavuka mstari na udongo unabadilika rangi. Kwenye ramani ya shule Uganda ilikuwa ya pinki. Kumbe kuna mto mdogo wa maji ya matope, na daraja, na ng'ambo kuna ndizi zile zile na mama anauza maharagwe yale yale na anaita watu kwa lugha karibu ya kwetu. Nilihisi nimeibiwa. Kukhu alifika katikati ya daraja akasimama, fimbo moja huku, fimbo moja kule.

"Hii ndio ng'ambo?" akauliza.

"Eeh."

"Hii?" Aliangalia nyuma, akaangalia mbele. "Namalwa alikuwa hapa tu. Miaka yote hiyo, alikuwa hapa tu."

Afisa wa upande ule aliangalia kitambulisho cha Kukhu, akaangalia karatasi yangu ya kuvukia yenye picha nimenuna, halafu akaona katoni kwapani. "Na hii ni pasipoti ya nani?"

"Ni ratiba. Igonge muhuri."

"Muhuri haichezewi, mtoto."

"Basi soma hapo. Imeandikwa Uganda, kupumzika dakika thelathini. Leta kiti."

Ankol alifunga macho. Afisa alisoma mstari kwa mstari, mdomo ukitembea, akafika pale pa herufi kubwa, akamwangalia Kukhu miguu. Akaleta kiti chake mwenyewe, kile cha kuzunguka. Muhuri alikataa kabisa. Niliuchora mwenyewe na biro, mviringo na nyota, uko hapa hadi leo, na nikimwonyesha mtu anaucheka namnyang'anya katoni.

Kwa Namalwa barabara inaishia chini ya kilima na kutoka hapo ni kijia kati ya migomba. Kijana wa boda alitaka kumpeleka Kukhu hadi mlangoni. "Mama, ni matope huko juu, kaa tu."

"Simama hapa," Kukhu akasema.

Akashuka. Akapanga fimbo zake. Ankol akamshika mkono, Kukhu akaupiga huo mkono na fimbo, pa! Mimi nilienda nyuma yake nimebeba katoni, nikikanyaga pale amekanyaga. Anapanda hatua tano, anasimama, anapumua, anapanda tano. Huko juu walikuwa wamemtoa Namalwa nje kwa mkeka, mgongo ukutani, kamtu kadogo ndani ya sweta kubwa. Alituona tangu chini. Watu wa boma walitaka kukimbia watusaidie na yeye akainua mkono akawazuia. Akakaa tu akiangalia dada yake akija, kijia chote, bila kupepesa.

Kukhu alifika mbele ya mkeka akasimama wima kabisa, vile sijawahi kumwona amesimama.

"Umechelewa, wewe," Namalwa akasema.

"Nilikuwa napumzika."

Wakaanza kucheka. Kicheko kimoja, meno yenye imebaki ya wote wawili haifiki kumi, wakacheka hadi Namalwa akakohoa akaletewa maji. Kisha Kukhu akakunja miguu yake mwenyewe, akashuka mwenyewe, akaketi kando yake kwa mkeka, na hawakuinuka hapo hadi jua likaenda.

Tulikaa siku nne. Kila asubuhi Kukhu alitembea na fimbo kuchota uji wa Namalwa jikoni. Wiki mbili baada ya sisi kurudi Karagita, simu ikapigwa tena, na hiyo mara Kukhu hakusema ataenda. Alisema tu, "Tulimaliza kuongea."

Ankol Wafula amezeeka sasa na bado ananiambia kwa harusi na kwa matanga, mbele za watu, "Huyu na katoni yake alitunyima siku mbili." Namwambia hivi: zile siku mbili mngempeleka akiwa amebebwa, mngemlaza chumba kimoja na Namalwa chumba kingine, waskizane kupitia ukuta. Zichukue hizo siku mbili. Kaa nazo. Na Baba Trevor, akiwa karibu, anakohoa kile kikohozi chake.

Kukhu hayuko tena. Aliondoka akiwa kitandani kwake, viatu vyake chini ya kitanda, vizima.

Nilitoa simu kwa sufuria. Yule mteja alikuwa ameandika tena, ati kama siwezi miji minne ataenda kwa mwingine. Nikamwandikia miji ni miwili na itabaki miwili, na siku ya katikati siitoi, na kama anaenda aende. Halafu nikamuuliza swali ambalo huwa nauliza kila mtu kabla sijapanga hata saa moja, na wengi wanadhani ni la umbea: huko unaenda, utalala kwa nani, na huyo mtu ni nani kwako?

 Halafu akaandika kwamba Kampala kuna dada yake.

Nikafuta Kigali, ikabaki Kampala.